Hasira Isiyo na Kisanduku

Saa nane na dakika kumi na moja mchana, Jumamosi, simu ya mezani inalia katika chumba kidogo kilicho nyuma ya kioo cha studio. Mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi mkono mmoja, anaidaka kabla haijalia mara ya pili. Hajamaliza kusema "Kipindi cha roki ya zamani, habari za mchana," anakatizwa.

"Mmeukata tena!" anafoka mwanamume upande wa pili. Nyuma yake inasikika cherehani ikisimama. "Dada, mmeukata tena! Ndiyo kwanza gitaa limenyamaza, ngoma zinajiandaa kurudi, nanyi mnaniletea tangazo la sabuni! Nani kawaambia wimbo umekwisha?"

"Pole, kaka'ngu fundi. Si mimi, ni mashine."

"Basi mwambie huyo mashine wako hana adabu!"

Fundi cherehani anakata simu. Mwanamke anageukia kompyuta, ambako fomu inataka kujua msikilizaji alipiga kwa ajili ya nini. Fomu ina visanduku vitatu: Salamu, Ombi la Wimbo, Ameguswa. Cha nne hakuna. Haifungiki mpaka kimoja kijazwe, na bila kuifunga huwezi kumwandikisha mpigaji mwingine.

Fundi hakutuma salamu wala hakuomba wimbo. Mwanamke anabofya "Ameguswa".

"Si ameguswa kweli?" anasema, akicheka kicheko kisicho na raha. "Ameguswa pabaya."

Wasikilizaji wanamjua kwa jina la Dada wa Simu. Alibandikwa jina hilo akiwa na miaka ishirini na saba, mwaka aliohamishwa kutoka chumba cha wapiga chapa. Sasa ana hamsini na minane na wajukuu watatu, na bado ni Dada. Kazi yake ni kumpokea kila anayepiga, kuandika alichosema, na kupenyeza karatasi chini ya kioo ili mtangazaji aisome hewani.

Mtangazaji mwenyewe huitwa Mzee Gitaa, ingawa gitaa hajui kulipiga hata kwa kubahatisha. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akipiga roki ya miaka ya sabini kila Jumamosi, saa nane hadi saa kumi. Ni nyimbo ndefu za dakika nane au tisa, zenye magitaa yanayopiga kelele na kinanda kinachojibu.

"Siku ya kwanza kuzisikia nilidhani redio imeharibika," anakumbuka Dada wa Simu. "Nikaenda kumwita fundi mitambo. Alinicheka mpaka akakaa chini."

Ukitaka kujua nyimbo hizo zimewafanya nini watu, usimuulize yeye. Fungua kaunta buku zake. Ziko arobaini na sita kwenye rafu, zimejaa mwandiko wake ulioinama, kila mpigaji na namba yake ya simu pembeni.

"Dereva wa winchi bandarini," unasema ukurasa mmoja. "Amezima mtambo ili asikilize hadi mwisho. Msimamizi anamwita toka chini, anajifanya hasikii." Ukurasa mwingine: "Mume na mke, kila mmoja kapiga kwa simu yake. Wanabishana mpiga ngoma yupi ni hodari zaidi. Wamenuniana tangu jana." Na mwingine: "Mwalimu mstaafu. Hajui maneno yanasema nini. Analia tu, anasema ahsanteni."

Nyimbo za wakati ule zina tabia yake. Katikati, vyombo vyote hunyamaza ghafla. Hupita sekunde nne, wakati mwingine sita, msikilizaji kabana roho, kisha ngoma zinaingia kwa kishindo na magitaa yote nyuma yake. Wapenzi wa kipindi huuita ukimya huo "pumzi". Mzee Gitaa akifika hapo huinua kidole kimoja nyuma ya kioo, na hakuna anayethubutu kukohoa.

Miezi mitano iliyopita uongozi wa kituo ulinunua mtambo wa kupanga na kupiga nyimbo. Ili kuujaribu, mtambo ulipewa saa ya kwanza ya kipindi, Mzee Gitaa akabakishiwa saa ya pili. Waliouweka waliuagiza kwamba ukimya ukizidi sekunde tatu, maana yake wimbo umekwisha, uingie kwenye matangazo. Kwa nyimbo za siku hizi agizo hilo halina neno. Kwa roki ya miaka ya sabini ni kumnyonga mtu katikati ya sentensi.

Watu wakapiga simu, na walitoa povu kwelikweli. Muuguzi mmoja alipiga kutoka wodini, kwenye mapumziko yake. "Hizo ndizo dakika kumi zangu za wiki nzima," alisema. "Nisubiri wiki, halafu niuziwe sabuni?" Wote hao, mmoja mmoja, waliingia katika kisanduku cha "Ameguswa".

Dada wa Simu anasema aliripoti kasoro hiyo mara tatu kwa mtaalamu wa kompyuta. "Aliniambia mfumo uko sawa, labda nyimbo ndizo zina tatizo. Nyimbo zina miaka hamsini, hazijawahi kuwa na tatizo, leo ndiyo zimeugua?"

Siku mbili baada ya simu ile ya fundi, yaani Jumatatu, ripoti ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ngazi. Ilikuwa na mchoro wa rangi. Saa ya mashine: wasikilizaji sabini na sita walioguswa kwa kila Jumamosi. Saa ya Mzee Gitaa: kumi na mmoja. Chini yake, kwa herufi nzito, iliandikwa kwamba mashine inagusa wasikilizaji karibu mara saba zaidi ya mtangazaji, na kwamba kuanzia mwanzo wa mwezi ujao itapewa saa zote mbili. Mzee Gitaa alitakiwa kurudisha ufunguo wa studio.

Hebu msomaji, isome tena hesabu hiyo. Watu walipiga simu kulalamika kwamba wanaharibiwa kipindi, na malalamiko yao yakageuzwa kuwa makofi kwa anayekiharibu. Kila aliyemtetea mzee kwa sauti aliongeza namba dhidi yake. Na waliokuwa wakimsikiliza kwa kutulia, kama watu wanavyosikiliza kitu wanachokipenda, walihesabiwa kuwa hawapo.

Dada wa Simu alisimama mbele ya ubao huo hadi mfagizi akamwomba apishe.

"Namba zile nilizijaza mimi," anasema, akiinua kidole cha shahada. "Kwa kidole hiki hapa. Nimemfukuza mzee wa watu nikiwa nimekaa zangu kwenye kiti, naambiwa pole na kazi."

Alipanda ghorofani moja kwa moja kwa meneja wa vipindi, kijana wa miaka thelathini na minane, msafi, mpole wa sauti. Meneja alimkaribisha kiti. Mazungumzo yenyewe anayasimulia kwa kuigiza sauti zote mbili.

"Bosi, wale watu hawakuguswa. Walikuwa wanatukana."

"Dada yangu, mtu akipiga simu maana yake anajali. Kujali ndiko kuguswa."

"Basi na mwenye nyumba akiita polisi, tuseme kaguswa na mwizi?"

Meneja alitabasamu. Alisema namba hazidanganyi.

"Hazidanganyi, bosi, ila nimezijaza mimi. Nakwambia nilikosa mahali pa kuandika hasira."

"Hilo tutaliangalia mwakani, tukiboresha fomu."

Mwakani! Mzee anaondolewa wiki tatu zijazo, fomu itatazamwa mwakani. Dada wa Simu anasema mori ulimpanda hadi akasahau kuaga.

Nyumbani, mumewe alikuwa sebuleni na injini ya friji ya mteja imefunguliwa juu ya magazeti. Ni fundi friji, na roki haipendi hata kidogo. "Makelele yale ya mabati, mimi hata bure siyataki," anakiri bila haya. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Sasa mama watoto, si muwanyime mabosi hizo simu? Saa ya mashine wasikilizaji wafunge midomo. Saa ya mzee wapige mpaka waya uungue."

Hivyo ndivyo, kuanzia Jumatatu hiyo hadi Ijumaa, Dada wa Simu alivyofunga kibwebwe. Alibeba kaunta buku sita kwenye mfuko wa sokoni, na kila alipotoka kazini alikaa kitandani na simu yake mwenyewe, kwa vocha yake mwenyewe, akiita namba moja baada ya nyingine. Kwa miaka thelathini na moja wao ndio waliompigia. Safari hii aliwapigia yeye, zaidi ya mia mbili, naye alimwomba kila mmoja awaambie wenzake.

Wengi hawakuamini. Mwalimu mstaafu alidhani amefiwa na mtu. Dereva wa winchi aliuliza kama hiyo ni bahati nasibu. Fundi cherehani ndiye aliyemsumbua kuliko wote.

"Yaani nikasirike, halafu nikae kimya? Dada, mimi sikuumbwa hivyo."

"Jizuie, kaka. Saa moja tu."

"Saa moja unaiona ndogo wewe!"

Hakuwaficha kwamba naye anajiponza. Amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Simu zikikauka, mtu anaweza kusema hata mpokeaji hahitajiki. "Nilifikiri sana juu ya hilo," anasema. "Nilimfikiria na mzee akirudisha ufunguo. Nikaendelea kupiga."

Jumamosi iliyofuata, saa nane juu ya alama, mashine inaanza. Saa nane na dakika saba inafika kwenye pumzi ya wimbo wa kwanza na kuukata. Tangazo la rangi za nyumba linaingia. Dada wa Simu anaitazama simu. Simu imetulia tuli.

Saa nane na robo unakatwa wa pili. Kimya. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. "Au wamezima redio kabisa?" anauliza, na kwa mara ya kwanza anaonekana kuogopa.

Saa nane na dakika arobaini simu inalia.

"Sijapiga," inanong'ona sauti ya fundi cherehani. "Nimekosea namba. Lakini umesikia walivyoukata?" Anakata.

Dakika chache baadaye meneja anashuka mwenyewe. Anaupapasa waya mpaka ukutani, anainua simu, anasikiliza mlio.

"Imeharibika?"

"Nzima, bosi."

Saa tisa kamili Mzee Gitaa anaketi kwenye kiti chake. Hakuna aliyemwambia lolote. Dada wa Simu aliona haya kumweleza kwamba hatima yake inahesabiwa kwa simu. Mzee anapiga wimbo wa dakika tisa. Vyombo vinanyamaza, kidole kinainuka, sekunde zinapita: mbili, tatu, nne, tano. Ngoma zinarudi. Wimbo unakwenda mpaka mwisho wake halali.

Halafu simu inalia, na haikomi. Muuguzi analia na kucheka. Mwalimu mstaafu anasema ahsanteni mara saba. Mume na mke wapo, wamekubaliana kuhusu mpiga ngoma, wamekuta jambo jingine la kubishania. Karatasi zinapita chini ya kioo kwa wingi hata Mzee Gitaa anaacha kuzisoma na kuuliza kwa ishara ya mikono, leo kuna nini? Kufikia saa kumi, mkono wa Dada wa Simu umekufa ganzi. Saa ya mashine ina simu moja. Saa ya mzee ina tisini na nne.

Mtu angetarajia uongozi ufurahi kwamba wasikilizaji wake wapo hai. Umefanya mambo mawili. Kwanza, umeahirisha kwa mwezi mmoja uamuzi wa kumwondoa mtangazaji, "kupisha uchunguzi wa takwimu". Pili, umemwandikia Dada wa Simu barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba, kwa nini asiadhibiwe kwa kuwashawishi wasikilizaji wavuruge takwimu hizo.

Tusimung'unye maneno. Takwimu zilikwishavurugwa tangu siku fomu ilipotengenezwa bila mahali pa mtu aliyeudhika. Aliyezinyoosha ndiye anayetakiwa kujieleza. Waliozisoma vibaya wanaendelea na vikao.

Anachotaka si kikubwa. Anataka kisanduku cha nne kiwekwe, kiitwe "Amekasirika", na namba zake zisomwe kwa sauti kwenye kikao. Anataka Mzee Gitaa arudishiwe saa zake mbili. Akistaafu mwakani, anasema, atakuwa msikilizaji wa kawaida, na anayechukua nafasi yake ajiandae kusumbuliwa.

Barua ya kujieleza ameshaiandika, ukurasa mmoja, kwa ule mwandiko wake ulioinama. Ameiweka juu ya meza na kumsomea mwandishi wa makala haya mistari ya mwisho:

"Ni kweli niliwaomba wanyamaze. Miezi mitano walilalamika, nanyi mkaandika kwamba wameguswa."

Anaishia hapo. Anachukua kalamu, anakata maneno "nanyi mkaandika", na juu yake anaandika "nasi tukaandika".

"Kidole kilikuwa changu," anasema, na kutia sahihi.