Majivu ya Chini

Nilipofika Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kutoka Bukavu, kitu cha kwanza ambacho mama aliniomba hakikuwa maji wala dawa. Aliniomba nimtengenezee pipa lake.

Alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo ambao mtu amemwachia amshikie. Ugonjwa ulikuwa umempiga upande ule miezi minane kabla, asubuhi, akiwa anapuliza moto. Maneno yake yalitoka polepole, mengine yakiegemea pembeni, lakini ukali wake haukuwa umeugua.

"Ulitengeneze muzuri," alisema. "Lisinipatishe haya."

"Ndiyo, Mama."

"Si ndiyo ya Bukavu. Ndiyo ya hapa."

Pipa hilo ndilo lililotulea. Ni nusu ya pipa la mafuta, lililopasuliwa kwa urefu, likatiwa miguu minne ya nondo na chanja ya chuma juu. Utoto wangu wote lilisimama kando ya barabara inayoteremka ziwani, na mama nyuma yake, akichoma mikeke, samaki wa ziwa letu, waliovuliwa alfajiri ileile. Watu waliokuwa wakipanda Fizi walisimamisha pikipiki kwa ajili ya moshi wake. Mimi nilikwenda shule nikinuka samaki, na darasani nilichagua kiti cha dirishani ili upepo unisitiri. Sasa naandika riwaya, na sijapata kuandika sentensi hata moja inayonuka vile.

Nililikuta nyuma ya nyumba, karibu na miti ya mihogo. Mvua ilikuwa imelinyeshea bila huruma. Majivu yalikuwa yameshikamana yakawa magumu kama chokaa, chanja imegandana na ukingo, na kutu ilitoka kwa maganda nilipoigusa. Nilipoyavunja majivu na kuinamia ndani, niliona mwanga wa jua ukipita chini kwa matundu matatu.

Nilimsogeza mama na kiti chake hadi kivulini ili aone kazi. Kwanza niliwasha moto mkali ndani ya pipa tupu, mpaka mafuta ya samaki ya miaka mingi yaliyoganda pembeni yakaungua na kugeuka unga. Lilipopoa nikaanza kusugua kwa kipande cha tofali na mchanga wa ziwani.

"Kwenye kona," alisema mama.

"Nimeshapita kwenye kona."

"Umepita ukiisalimia. Unasugua katikati tu, kama mwanaume anaosha sufuria."

Nilicheka, naye akacheka kwa nusu ya mdomo wake. Nikainama haraka, nikaisugua ile kona mpaka vidole vikachubuka.

Tangu augue, mama hakukubali kula kwa mkono wa kushoto. Daktari alimwambia, bamama ba kanisa walimsihi, hakusikia. "Mi si mutu ya kula na kushoto," aliwajibu. "Huu wa kuume uko mu njia, unakuja." Kwa hiyo nilimlisha mimi. Niliumega ugali, nikauchovya, nikamtilia kinywani, naye alitafuna akitazama pembeni, kama mtu aliyepewa lifti na dereva asiyempenda. Haikuniuma. Ukaidi wake ulikuwa tumaini langu: maadamu aliukataa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa bado unangojewa.

Nikafanya agano moyoni, agano la kitoto, ambalo leo naona aibu kuliandika. Pipa likipona, mkono utapona. Kila jioni nilimpa kitambaa kilichofungwa mviringo, nikamwambia akiminye. Kitambaa kilibaki vilevile. Kesho yake nilirudi kwenye kutu kwa hasira mpya.

Siku ya tatu nililipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma, karibu na soko. Aliligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye tundu kubwa, akanitazama.

"Dada, hii pipa ingekuwa mutu, tungekuwa tumeshaizika."

"Ziba tu."

"Ni ya yule mama wa mikeke? Nitaziba na bati nzito basi. Tumekonda bila yeye. Anarudi lini?"

"Karibuni," nikasema. Neno lilinitoka jepesi, na nusu saa nzima, cheche zikiruka, nililiamini.

Lililobaki lilikuwa kazi ya furaha. Nililikausha, nikalipaka mawese ndani na nje, nikawasha makaa machache, kisha nikachoma kitunguu kilichokatwa nusu kwenye uma na kukipitisha juu ya chanja, mlio wake ukipanda na harufu ikizunguka nyumba. Chuma kilikuwa cheusi tena, cheusi chenye kung'aa. Mama alifumba macho na kuvuta pumzi. Nikasema moyoni: anarudi.

Kulikuwa na jambo moja la mwisho. Mama alinifundisha nikiwa mdogo kwamba pipa halizolewi majivu yote. Chini huachwa majivu, unene wa vidole viwili, ili makaa yasilale juu ya chuma na kukitoboa. "Majivu ya jana ni mukeka ya moto ya leo," ndivyo alivyosema. Nilikuwa nimeyahifadhi yale ya zamani kwenye beseni, nikayaponda na kuyachekecha. Sasa nikayamwaga chini ya pipa na kuyasawazisha kwa kiganja, nikageuka anisifu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni majivu, Mama. Ya kulalia moto. We ndiye ulinifunza."

"Toa."

"Nipunguze?"

"Toa yote. Na ufute na kitambaa."

Nilisimama na mkono mweupe hadi kwenye kifundo. Kila mwanamke wa barabara ile anajua kwamba chombo cha moto hakigawiwi na majivu yake. Majivu ni ya nyumba. Anayetoa hutoa chombo kikiwa kitupu kabisa, na anayepokea huja na majivu ya jiko lake mwenyewe.

"Unampa nani?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimejua.

"Mwenzangu."

Alikuwa mwanamke wa Burundi, aliyeletwa na vita hadi kambi ya Lusenda, kisha riziki ikamsogeza Baraka. Kwa miaka mingi alichomea samaki kwenye jiko dogo la udongo, hatua mbili kutoka kwa mama, na walirushiana maneno tangu asubuhi, yeye akimwita mama Yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, moshi yako inaingia mu samaki zangu!" Mama akajibu: "Sema aksanti, ndiyo inabapatia utamu." Mama alipoanguka, ndiye aliyemdaka.

"Mama, utapona," nilisema. "Mbona tusingoje?"

"Nimengoja. We ulikuwa Bukavu."

Niliyazoa majivu yote, nikayamwaga kwenye mashina ya mchicha wa lengalenga nyuma ya nyumba, nikarudi na kitambaa. Nililipangusa pipa huku machozi yakinidondoka ndani yake, na ikabidi nipanguse tena.

Mchana, yule mwenzake alikuja na mkebe wa maziwa wenye kifuniko. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alipiga magoti, akafungua mkebe, akamwaga majivu yake ya kijivu chini ya pipa, akayatandaza taratibu kwa kiganja. Mama aliufuata ule mkono kwa macho, kona hadi kona.

"Kwenye kona," alisema.

"Ndiyo, Yaya."

Tulilibeba wawili, mimi na yeye, hadi barabarani. Sikugeuka kumtazama mama.

Kesho yake mwenzake aliturudishia samaki wa kwanza, kama ilivyo desturi, kwenye sahani iliyofunikwa, mukeke mmoja mnene, ngozi imepasuka palepale inapopaswa kupasuka. Akaketi kwenye kigoda kusubiri hukumu. Nilinawa mikono, nikavuta kiti karibu na mama, nikanyoosha vidole kumega.

Mama alimtazama samaki. Halafu aliutazama mkono wake wa kulia, pale mapajani, kama unavyomtazama mgeni uliyemtengea chakula siku nyingi na hakutokea.

"Sogeza sahani," aliniambia.

Mkono wa kushoto ulitoka chini ya kitenge. Ulifika kwenye sahani, ukamega mgongo wa samaki, ukapanda kinywani. Alitafuna kwa upande mmoja. Hakutazama pembeni.

"Chumvi imepunguka," alisema.

"Nitaongeza, Yaya."

"Na usigeuze mbio mbio. Lile pipa lina moto wa haraka upande wa kushoto."

"Nitakumbuka." Mwenzake alicheka, akajifuta macho na pindo la kitenge.

Mama akamega tena. Nami nilikaa pale kando yake na mikono yangu miwili iliyooshwa, ikidondosha maji sakafuni, haina mtu wa kumlisha.