Friji ya Kiitalia

Kwetu Tanga mtu hapigi wimbo bure. Mama yangu mdogo akikorofishana na jirani, hakwenda kugombana mlangoni. Aliiweka redio dirishani, akaielekeza upande wa pili, kisha akachagua taarabu yenye mafumbo ya kumlenga. Jirani alijua kapashwa. Kesho yake jibu lilikuja kwa sauti kubwa zaidi, nasi watoto tulikaa katikati tukila uhondo.

Sasa nipo Croydon, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, na binti yangu aliyezaliwa hapahapa London. Mwezi uliopita aliniambia anataka kuhama, akapange nyumba na wenzake. Nikamwambia mtoto wa kike haondoki kwa mama yake bila kuolewa. Hakubishana. Siku chache baadaye akaleta santuri.

Ilikuwa albamu ya mwimbaji wa Kiitalia. Kwenye jalada amesimama jikoni, amevaa koti la mvua, nami nikajiuliza kama paa lao linavuja. Muziki wenyewe ni magitaa ya umeme, vinanda vya kompyuta na ngoma za mashine, na juu yake sauti ya mtu kama mwenye mafua. Wimbo mmoja binti yangu aliupenda kuliko zote. Kila nikirudi kazini, nikiingiza tu ufunguo mlangoni, nausikia huo. Nikasema, aha! Napashwa.

Kupashwa sikuogopi, nimekulia humo. Kilichoniudhi ni kupashwa kwa lugha nisiyoijua, maana utajibu nini? Usilolijua ni usiku wa giza. Basi siku moja nikasimama kwenye korido na kandambili zangu, simu nimeibana mlangoni kwake, nikaurekodi wimbo wote. Kesho yake nikampelekea mzee wa Kiitalia mwenye mgahawa karibu na kituo cha tramu.

Aliusikiliza kijiko kikiwa mkononi, halafu akacheka. Akaniambia jamaa anaimba habari za friji. Mwanamke kaondoka, maziwa yamechacha, ila friji bado inanguruma na taa yake inawaka.

"Basi?" nikamuuliza.

"Basi, madam. Friji tu."

Sikuamini. Kwenye tramu nilifumbua fumbo hilo njia nzima. Friji ni nani? Mwanamke aliyeondoka ni binti yangu, hilo halina shaka. Na maziwa? Mungu wangu, si mimi niliyemnyonyesha! Nilifika nyumbani nimeshajua kuwa maziwa yaliyochacha ni mimi.

Nikagonga mlango wake. "Mwanangu, ukiwa na neno niambie usoni. Usinipashe kwa friji."

"What fridge?" Alinikodolea macho.

Nikamweleza yote: redio ya mama mdogo, simu mlangoni, mzee wa mgahawa, maziwa. Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka, maana nilikuwa sijakisikia kicheko kile siku nyingi. Kisha akajifuta macho.

"Mum, I don't even know Italian. Sijui anasema nini. That's why I like it." Akaitazama santuri ikizunguka. "Wewe kila siku unaniambia kitu. Fanya hivi, don't do that. Huyu mwimbaji, he's not telling me anything."

Hapo ilinichoma. Nilikuwa na maneno tele mdomoni: kuhusu hao wenzake, kuhusu chakula, kuhusu watu watasemaje. Nikayameza yote na kukaa ukingoni mwa kitanda. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Alinitazama akidhani naumwa.

"Huna la kusema leo?"

"Leo nasikiliza."

Akapunguza sauti ya muziki. Halafu akaanza kunieleza habari za chumba anachotaka kuhamia, na mara hii kwa Kiswahili tupu, kile chake cha kubabaika, akitafuta neno na kurudi nyuma. Kina jua asubuhi. Kiko karibu na kazi. Rangi ya ukuta mbaya, ataipaka upya mwenyewe. Sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili kirefu namna ile, na kila sentensi ilikuwa inamtoa nyumbani kwangu. Iliniuma. Alipokwama akitafuta neno "pazia", nikampa, akaendelea.