Mtani wa Bibi Kabula

Kanisa letu lilinuka ugoro. Makanisa mengine niliyokuja kuyajua baadaye yalinuka ubani na nta ya mishumaa, lakini letu, la fito na udongo, huko upande wa Nyarugusu, lilikuwa na harufu ya nyasi za paa, ya samadi iliyosiribwa sakafuni kila Jumamosi, na juu ya hizo zote ugoro wa bibi yangu. Bibi Kabula alikaa mbele kabisa, kwenye mikeka ya wanawake, kikopo chake kikiwa kimefundikwa kwenye pindo la kaniki. Mashine ya kuponda mawe ya mgodi wa dhahabu wa jirani haikujua Jumapili. Ilidunda tangu alfajiri, na katikati ya kudunda huko Bibi alipiga chafya, akajifuta, akashusha pumzi. Baba alisimama na kitabu chake cha sala akisubiri amalize, kisha akaendelea pale alipokomea. Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya vita kuu ya pili, mimi nikiwa msichana wa kuchota maji na kuchuma pamba, na baba yangu akiwa katekista wa kigango, kanisa dogo lisilo na padre wake. Watu walimwita Mwalimu. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kigango, na shamba tulilolima pia.

Baba hakuwa mkali, ila hakuwa na mzaha hata kidogo. Nadhani aliogopa kwamba dini ikichekwa mara moja haitasimama tena. Bibi, mama yake mzazi, alibatizwa uzeeni akapewa jina la Monika, ambalo hakuna aliyelitumia, na ubatizo haukumpunguzia maneno. Wakati wa litania Baba alitaja watakatifu mmoja mmoja nasi tukaitikia, "Utuombee." Haikupita Jumapili bila Bibi kukatiza kwa sauti, kana kwamba yuko nyumbani akimenya viazi: "Huyu naye ni mtoto wa nani?" Hakuwa anakufuru. Kwetu mtu hatajwi hivi hivi tu. Lazima ujue baba yake ni nani na katokea wapi, ndipo umwombe jambo. Baba alimjibu bila kuinua macho, "Mama, sali," na watoto tulibana pua ili kicheko kisitoke.

Nje ya kanisa, kila Jumapili, tulimkuta Kondo. Huyu alikuwa Mzaramo, Mwislamu wa kufunga na kuswali, aliyekuja na watu wa mgodini kutoka pwani na kuishia kukaanga vitumbua kwenye njia ya kuelekea huko. Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani tangu enzi za wapagazi, na Kondo aliuchukua utani huo kama kazi aliyokabidhiwa. Alitungoja chini ya ukingo wa paa, kofia mkononi, akatuigiza mmoja mmoja tulivyotoka: huyu anayetembea kama amebeba yai kwa sababu padre amekuja naye kapokea komunyo, yule aliyesinzia akaamshwa na chafya. Tulitoka ndani tumekunja nyuso kama watu waliokaripiwa, na tulipofika kwa Kondo tulikunjuka. Bibi alimwita mtumwa wake. Kondo alimjibu kwamba alimpata yeye na ukoo wake wote kwa nazi moja, tena mbovu. Wakishatukanana vya kutosha, Bibi alimpa ugoro naye akampa kitumbua, wakakaa kwenye gogo kama ndugu.

Mambo yaliharibika kwenye mazishi ya baba yake Shija, jirani yetu. Padre alikuja kwa pikipiki kutoka parokiani, na alipokuwa akinyunyiza maji ya baraka, Kondo aliruka ndani ya kaburi akajilaza, akasema marehemu asogee kidogo, mbona kajitanua. Kwetu mtani wa msibani hufanya hivyo. Padre alidhani mtu amepata kichaa. Jumapili iliyofuata Baba alisimama akatangaza kwamba Mkristo atakayeruhusu watani wacheze kwenye mazishi hatapokea komunyo wala kukaa ndani ya kanisa mpaka padre mwenyewe amwondolee adhabu. Mjane, Mama Shija, akawa wa kwanza. Alikaa nje juu ya jiwe, mvua na jua, akiitikia sala kupitia dirishani. Kondo aliacha kuja. Kanisa likawa kimya sana, na nikiri kwamba sikulipenda tena.

Bibi aliugua wakati wa kuvuna pamba. Alipoona hatainuka, alimwita Baba mbele yetu sote. Mama alikuwa amembeba mgongoni mdogo wangu Milembe, aliyekuwa ameanza kusema maneno machache. Bibi akasema, "Mwanangu, usinizike kama gunia la pamba. Kondo aje anicheze."

Baba akajibu, "Mama, unajua siwezi. Mama Shija yuko jiweni kwa ajili ya jambo hilihili."

"Ulimweka wewe," Bibi akasema, akageukia ukutani.

Hakusema tena neno lililonyooka. Alipofariki, Baba hakumtumia Kondo habari. Kila mmoja pale alielewa alichokuwa akipima: akimruhusu mtani, atakuwa amemwadhibu mjane kwa kosa ambalo yeye mwenyewe amelitenda, na kazi itakwenda, na nyumba pamoja nayo. Asipomruhusu, atamfukia mama yake huku akimnyima jambo la mwisho alilomwomba.

Tulitoka na Bibi amelazwa kwenye kitanda cha kamba, Baba mbele na msalaba. Nje kidogo ya ua wa minyaa, kando ya njia, Kondo alikuwa ameketi chini. Habari ilikuwa imemfikia yenyewe. Hakucheza. Alivuta miguu yake ili tupite, akasema kwa adabu kabisa, "Pole, Mwalimu. Mungu amrehemu mama."

Baba alisimama. Waliobeba kitanda nao wakasimama. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kusomea matangazo, "Mvivu wewe wa pwani. Mama yangu anapita, na wewe umekaa hapo unasubiri nazi ikudondokee."

Ulikuwa utani mbaya, wa mtu asiyejua kutania, na hakuna aliyecheka. Kondo akajinyoosha katikati ya njia na kusema mtumwa wake hapiti bila kulipiwa kuku. Mama akarudi mbio kukamata kuku.

Kaburini Kondo alikuwa amejifunga kaniki ya Bibi, aliyoletewa na Mama pamoja na kuku. Alitembea kama yeye, nyonga ya kushoto ikichelewa, akatafuta kikopo, akapiga chafya mpaka Shija akalazimika kumshika asianguke. Baba alifungua kitabu akaanza litania. Alipomtaja mtakatifu wa kwanza, Kondo aliinua kichwa, akasema kwa Kiswahili cha Bibi chenye lafudhi nzito ya Kisukuma, "Huyu naye ni mtoto wa nani?"

"Mama, sali," Baba akajibu, na hapo ndipo alipolia. Mama Shija aliangua kicheko, kicheko kikubwa cha mtu aliyekizuia muda mrefu, nasi sote tukamfuata, tukicheka na kulia, hata sijui kipi kilitangulia. Namshukuru Kondo mpaka leo kwa siku ile.

Jumapili iliyofuata Baba alimpa mzee mwingine kitabu cha sala. Yeye akatoka nje, akakaa chini karibu na jiwe la Mama Shija, akaitikia kupitia dirishani. Padre alipokuja aliwaondolea adhabu wote wawili, lakini kazi alimpa mtu mwingine. Tukarudi kwetu Shinyanga kulima. Sikumsikia Baba akilalamika, wala akitania tena.

Mwaka jana tulimzika mdogo wangu Milembe, huko Katoro. Kulikuwa na mahema, vipaza sauti, fulana zenye picha yake, na mshereheshaji aliyetuambia lini tusimame na lini tukae. Kila kitu kilikwenda kwa wakati. Watani hawakuwamo katika ratiba, na vijana wa mjini wakitaniana leo hawajui nani ni mtani wa nani. Siwalaumu. Mimi na Milembe tulikuwa na desturi yetu tu: maisha yetu yote, tukikaa pamoja kanisani, litania ikianza nilimnong'oneza swali la Bibi, naye, ambaye siku ile ya kaburini alikuwa mgongoni kwa Mama na hakukumbuka chochote, alinijibu bila kuinua macho, "Dada, sali."

Kwaya ikaanza litania, na kinanda cha umeme. Mtakatifu wa kwanza akatajwa. Nikainama kidogo kuelekea kwenye jeneza, nikauliza taratibu, "Huyu naye ni mtoto wa nani?"

Nikasubiri. Kwaya ikaenda kwa mtakatifu mwingine.