Dubow Jelle na Ng'ombe wa Watoto wa Keinan

Pasi ilikuwa ya ng'ombe sita, na zizini kwa Dubow Jelle walikuwamo kumi na wawili. Sita wake, sita wa yatima. Serikali ilikuwa imeamuru watu wa kandokando ya Garissa wahamie ndani ya ua mmoja kwa sababu ya vita vya shifta. Mifugo isiyo na pasi, yaani kibali cha maandishi, iondolewe kabla ya Ijumaa, la sivyo itachukuliwa.

Saa moja asubuhi, mara tu watu wanaporuhusiwa kutoka nje, Dubow amekwisha fika bandani. Anawamba ngozi mbichi kwenye fremu ya miti, anatoboa pembeni, anapitisha kamba, anakaza kwa goti. Ana miaka arobaini na minane. Harufu haimsumbui yeye. Huwasumbua wengine, na wapo wasiokubali kula naye sinia moja.

"Wananiita mtu wa ngozi," anasema bila kuinua macho. "Ni kweli. Lakini Keinan alipokuwa anakufa hakumwita mtu wa marashi."

Keinan alikuwa mchinjaji. Kwa miaka kumi na mmoja alimletea Dubow ngozi, na ni Dubow peke yake aliyemwambia usoni kwamba kisu chake kinaziharibu. Mwaka jana lori alilopanda lilikanyaga bomu kwenye njia ya Wajir. Hospitalini, mbele ya mashahidi watatu, alimtaja Dubow kuwa wasii wake. Mkewe alikuwa amekwisha kufa. Aliacha watoto wawili: Shamis, msichana wa miaka tisa, na Nuh, mvulana wa miaka sita.

Aliacha pia ndugu, Kulow, mwenye duka. Kulow alifika bandani amevaa koti, akaziba pua, akauliza tangu lini damu yake ikalindwa na mtu anayenuka hivyo. Kwao, alisema, watoto na mali huenda kwa ndugu wa marehemu. Dubow alimpeleka kwa kadhi, na kadhi akasema mtoto wa kiume akiwapo, ndugu harithi. Na wasii amekwisha tajwa.

Hapo ndipo Dubow alipofahamu kuwa amebebeshwa kazi mbili, si moja. Ya kwanza ni kulipa madeni ya marehemu, kutoa alichousia katika theluthi ya mali, na kugawa kinachobaki. Ng'ombe walikuwa tisa. Mmoja aliuzwa kulipia deni la dukani na maziko. Wawili walikwenda kwa Lul, dada wa kambo wa Keinan, kama alivyousia mwenyewe. Ndiye anayewalea watoto. Waliobaki ni sita: wanne wa Nuh, wawili wa Shamis.

Ya pili ni kuwatunzia mali hiyo mpaka wakue na waonekane wana akili ya kuishika.

"Ile ya kwanza niliimaliza kwa wiki tatu," anasema. "Hii nyingine haina Ijumaa."

Amri ya pasi ilipotoka, Kulow alirudi, safari hii kwa maneno laini. Pasi yake ina nafasi. Waandikwe kwake ng'ombe wa watoto, wote wapone. Ni jina tu, alisema, jina haliliwi. Dubow alimjibu kwamba Nuh akiota ndevu, jina hilo litakuwa ndilo mwenye ng'ombe.

Akaenda ofisi ya pasi akitaka kugawa sawa: watatu wake, watatu wa watoto. Kadhi alikuwa amemwambia hiyo ni haki tupu. Karani, kijana kutoka bara, alikataa. Pasi moja, mwenye mali mmoja.

"Mzee, andika zako," karani alimwambia akicheka. "Hao watoto hata kuhesabu hawajui."

"Ndiyo maana nikawekwa mimi," Dubow akasema. "Andika za watoto wa Keinan."

Nyumbani, mkewe Kaaha hakupiga kelele. Alimwuliza tu kama wasia wa Keinan ulisema watoto wa Dubow wanywe chai ya rangi. Lakini kesho yake Kaaha mwenyewe alifungua zizi, akawatoa ng'ombe wao mmoja mmoja, akimwita kila mmoja kwa jina lake.

"Sikutaka mtu aseme tulinyang'anywa," anasema Kaaha. "Tulitoa."

Wiki ile kila mtu alikuwa akiuza. Wachinjaji waliwachukua wale sita wa Dubow kwa bei ya mbuzi, na ngozi zao zikaletwa kwenye banda hili hili. Dubow aliziwamba kwa mikono yake. Anasema zilikuwa safi, hakuna hata moja yenye alama ya kisu.

Alilazimika? Anatikisa kichwa. "Wallahi, hakuna aliyenilazimisha. Lakini ningeandika zangu, Kulow angesema mtu wa ngozi amekula yatima. Sasa atasema nini?"

Jioni Shamis hupita kutazama ng'ombe wake. "Adeer, wamekula?" huuliza, akimwita ami kwa Kisomali.

"Wamekula kabla yangu," Dubow humjibu.

Anachotaka sasa ni kuishi mpaka Nuh awe mtu mzima, kisha yeye Dubow awaite wale mashahidi watatu, na kila mtoto akabidhiwe chake mbele yao.

Hesabu ya wale sita walioandikwa kwenye pasi ilikuwa hii. Ng'ombe wanne wa maziwa, mmoja akiwa na mimba. Mtamba mmoja. Fahali mmoja. Zizini kwake leo wamo ng'ombe saba, maana wa Shamis mmoja amezaa. Wa Dubow hayumo hata mmoja.