Siku Tuliyofungua Jicho la Vero

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya macho, Matroni alinikabidhi tochi na chati ya E, akasema, "Binti, wodi nyingine wanauliza mgonjwa anajisikiaje. Hapa tunauliza anaona nini." Chati hiyo ni karatasi yenye herufi E tupu, kubwa mpaka ndogo, zimegeuzwa huku na huku. Asiyejua kusoma anaonyesha kwa vidole miguu ya herufi imeelekea wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mjuaji kuliko wote mjini Tabora. Nikajiambia, kumbe kazi yenyewe ni hii tu?

Hospitali siitaji jina. Baadaye nilihamishiwa Urambo, kisha nikazunguka vijijini na gari la macho miaka mingi. Huko niliona mtoto wa jicho wa kila namna, yaani lenzi ya ndani ya jicho, inayotakiwa kuwa angavu, inageuka nyeupe kama uji. Ninyi mnaoanza leo mna mashine za kila kitu. Sisi tochi ikiisha betri tulikuwa tunatazamana tu.

Niliporudi mjini nikiwa Muuguzi Mfawidhi, nilianzisha desturi niliyojivunia mno. Asubuhi ya kufungua bandeji, ndugu walisimama mbele ya kitanda, wima, bila kutikisika wala kusema neno. Namfungua mgonjwa, namuuliza, "Huyu nani?" Akitaja jina, wodi nzima vigelegele. Wazee waliopofuka ukubwani walipatia kila mara, nami nililia nao kila mara, sioni haya kusema.

Ndipo akaja Vero kutoka Goweko, binti wa miaka kumi na tisa, aliyezaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mama yake, mkulima wa tumbaku, alimlea peke yake. Alikubali tuanze na jicho moja. "Likienda vibaya," alituambia, "la pili hamligusi."

Asubuhi baada ya upasuaji nikafungua bandeji. Mama Vero alisimama mbele ya kitanda, mikono kifuani, hata kupumua nadhani aliacha.

"Vero, huyu nani?"

"Wapi, Sista?"

"Hapo mbele yako."

Akageuza kichwa polepole. "Naona rangi. Zimejaa, zimegandana. Sijui hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi." Akapapasa hewani kwa mikono. "Mayu yuko wapi?"

Mayu, yaani mama yake, alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Vero akafunika jicho kwa kiganja. "Nifungeni tena," akasema.

Daktari Bingwa, mtu wa maneno machache, akainama, akamwondoa kiganja na kummulika. Lenzi ya bandia tuliyomwekea imekaa sawa, retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, nao ni mzima.

"Jicho halina kosa," akasema.

"Sasa mbona haoni?" nikauliza.

"Anaona. Hajui anachokiona."

"Basi tunarudi nyumbani," akasema Mama Vero. "Kwangu alikuwa anatembea bila kugonga kitu. Leo anaogopa hata sakafu." Akajitanda kanga na kushika njia ya kwenda kumwita dereva aliyewaleta.

Vero akashtuka, kidole mbele. "Kile! Kile kinachokwenda ni nini?"

Mama yake akasimama. "Kimepotea," akasema Vero.

Jamani, mwili ulinisisimka mpaka kichwani! Nikapiga kelele, "Tembea, mama! Tembea, usisimame!" Akadhani nimerukwa na akili, lakini akatembea, kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Vero alimfuata kwa kidole. "Ni kitu kimoja! Kimetoka ukutani!" Kilipofika kitandani akanyoosha mkono, akapapasa kidevu, shavu, paji la uso. Akayarudia yote kwa jicho. "Ni Mayu," akasema, na wote watatu tukaangua kilio. Daktari alijifanya anasafisha miwani.

Ndivyo nilivyoijua kazi yangu baada ya miaka zaidi ya thelathini. Jicho linapokea mwanga tu. Ubongo ndio unaosema hiki ni kikombe, kile ni kivuli chake, ile ni meza iliyo nyuma. Sisi tulijifunza hayo tukiwa wachanga, Vero hakupata nafasi. Kitu kikitembea, sehemu zake zote zinakwenda pamoja, na ubongo unakidaka kama kitu kimoja. Nami nilikuwa nawasimamisha ndugu kama nguzo!

Kwa wiki kadhaa tulimfundisha kwa bakuli, ndoo na kikombe cha bati. Kwanza kinatikiswa, kisha anakishika, mwishowe anakitazama kimetulia. Alikosea sana. Siku moja aliinama kuokota kivuli cha ndoo, tukacheka mpaka mbavu zikauma, naye akicheka kutushinda. Mama Vero aliyatazama yote hayo, na mwisho wa mwezi akaja mwenyewe kuuliza lini tutagusa jicho la pili.

Sasa nimestaafu, nipo Isevya, papa hapa mjini. Kabla ya Vero kulikuwa na vijana wawili waliozaliwa hivyohivyo. Niliwauliza "Huyu nani?" wakanyamaza, nikaandika kwenye faili "haoni," nikawaruhusu waende. Hilo linaniuma. Nimewaomba wauguzi wa gari la macho wawatafute, na mmoja tayari amepatikana. Nikipata wa pili nitakwenda kwake kwa miguu ikibidi.

Jicho la pili la Vero lilifunguliwa wiki yangu ya mwisho kazini. Kabla sijamaliza kutoa bandeji, Mama Vero alikuwa ameshaanza kwenda na kurudi mbele ya kitanda, mbio mbio, kanga ikimdondoka, karibu anikumbe pamoja na trei yangu. Vero akamtazama kwa macho yote mawili, akacheka.

"Mayu, kaa chini upumzike," akasema. "Nimeshakuona."