Sandrine wa Buyenzi

Kila asubuhi Yasmina, binti wa Shakuru fundi magari wa Buyenzi, aliingia kazini kwenye kituo cha simu cha kampuni ya Ufaransa, hapa hapa Bujumbura, na akishavaa ekuteri masikioni tu, basi, ni Sandrine wa Lyon. Wala si yeye peke yake. Wasichana wote wa chumba kile waliitwa Sandrine, ati wateja Wafaransa hawapendi kuchanganywa. Hali ya hewa ya Lyon iliandikwa kwenye kompyuta, na sheria ni sheria, mteja aamini uko huko huko: feni imezimwa isipige kelele, jasho linamtiririka, naye anamlalamikia mteja, "Theluji ya leo imetuzidi!" Jamani, watu wana visa!

Kazi yao ilikuwa kuwabembeleza wateja wasikate laini zao za simu. Yasmina alikuwa bado kwenye majaribio. Kontra ya kudumu, mkataba wenyewe wa ajira, ingekuja na kadi ya matibabu, na mama yake sukari ilikuwa inammaliza.

Siku ya mwisho ya majaribio, mkuu wao Bonfils akakaa ubavuni kwake kumsikiliza. Simu ikaingia. Bibi mmoja wa Ufaransa: mume wangu amefariki, naomba mkate laini yake.

Karatasi ya kazi ilimtaka ajibu, "Je, mumeo angependa punguzo la bei?" Lakini mtoto wa Buyenzi akisikia msiba, mdomo haungoji ruhusa.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Yasmina akasema. Kisha Kifaransa kikamrudia. "Pole sana, mama. Nani amekaa na wewe hapo? Nani anakupikia?"

Bonfils akashika kichwa.

"Hakuna mtu," bibi akasema. "Wewe si wa Lyon, mwanangu. Unaitwa nani?"

Bonfils akatikisa kidole: apana, apana! Yasmina akamfikiria mama yake na ile kadi ya matibabu. Lakini kumdanganya mfiwa? Haki ya Mungu, hakuweza.

"Yasmina."

"Asante, Yasmina. Basi msiikate. Nitakuwa naipiga, nisikie sauti yake aliyoirekodi ikisema hayupo."

Bonfils akachanganyikiwa. Tangu aanze kazi hajaona mteja aliyekufa akibaki na laini. Akawapigia wakubwa wa Ufaransa, akarudi haangalii mtu usoni.

"Wamefurahi sana. Sandrine amepata kontra," akasema. "Ila Yasmina anafukuzwa. Ametaja jina lake halisi."

"Si ni mi huyo huyo?"

"We ni Yasmina. Umesema mwenyewe."

Akaitwa Joëlla wa kiti cha pili, naye wa majaribio, asaini ile kontra kama Sandrine. Akasaini huku analia, akapewa kadi ya matibabu. Yasmina akatoka nje kwenye jua, akasimama tu pale mlangoni, hajui akamwambie nini mama.