Vifungo Vitatu vya Gauni la Bi Hester

Katika kijiji chetu, mtu akifa, watu walimwita Bi Hester Pocock kabla ya kumwita padri. Padri alikuwa na baiskeli na bado alichelewa. Bi Hester alikuwa na mguu mbovu na hakuchelewa hata siku moja. Alifika na mfuko wake wa turubai, ndani yake sabuni, sega, kitambaa cha kufungia taya na sarafu mbili nzito za kufunikia macho. Alifungua dirisha, akasimamisha saa ya ukutani, akafunika kioo, kisha akaanza kazi huku akizungumza na marehemu kama anayemvalisha mtoto aende shule.

"Haya, Bwana Tull, lete huo mkono. Usinibishie leo, umebisha maisha yako yote."

Alikuwa mama mkwe wangu. Niliishi nyumbani kwake miaka kumi na tisa, mimi na mwanawe Cyril, na baadaye mimi peke yangu. Haya ninayoyasema sasa sikumwambia mtu yeyote alipokuwa hai.

Wanawake wote wa rika lake walikuwa na droo ya chini. Humo mliwekwa vitu vya siku ya mwisho: gauni jeupe la maziko, soksi nyeupe, shuka mbili ambazo hazijalaliwa. Ukimkuta mwanamke wa miaka hamsini hana droo ya chini, ulijua ni mvivu au ni mgeni. Gauni la Bi Hester alilishona mwenyewe tangu ujana wake, lina lesi shingoni na vifungo vitatu vya kombe la chaza kwenye kila mkono. Kifungo cha mwisho cha mkono wa kulia kilishonwa na binti yake Ivy, aliyekuwa na miaka tisa. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, mtoto hakutaka kungoja, akashona kwa uzi wa buluu. Wiki tatu baadaye ugonjwa wa koo ulimchukua. Bi Hester alimwosha mwenyewe. Ule uzi wa buluu hakuubadilisha.

Sasa, mwanamke huyu aliyeshika maiti za nusu ya kijiji alikuwa na raha moja tu duniani, nayo ni filamu za kutisha. Kila Jumatano mchana tulipanda basi kwenda sinema mjini Windsor, akanunua peremende za mnanaa, akakaa safu ya tatu. Hakupenda zile za minyama mikubwa inayobomoa miji. Alisema hizo ni za watoto na wanaume. Alitaka jumba la kale lenye ukungu, mishumaa, familia yenye jina kubwa na mtu aliyefichwa ghorofani. Wenzake walipopiga kelele na kujifunika macho, yeye alikosoa kazi.

"Tazama walivyomweka mikono. Maiti halazwi hivyo. Huyo anaonekana anangoja chai."

"Bibi, nyamaza, tunasikiliza," mtu wa nyuma alisema.

"Sikiliza basi. Utaoshwa na mimi siku moja, nitakukumbuka."

Siku moja kwenye basi nilimwuliza anaona nini katika filamu hizo, yeye ambaye kifo ni kazi yake.

"Wangu hawaamki," alisema. "Miaka arobaini nawaosha, Doreen, hakuna hata mmoja aliyenikonyeza. Kule wanaamka."

"Wanaamka na meno, Mama."

"Na waje na meno." Alikuwa anakunja karatasi ya peremende, anaikunja tena. "Ivy akibisha hodi leo na meno marefu kama ya farasi, nitamfungulia mlango na kumwekea birika motoni."

Baada ya kituo kimoja au viwili akaongeza, kama anayezungumza na dirisha, "Tena kule mtu akifanya ubaya, ubaya unarudi kumtafuta. Unapanda ngazi, unaita jina lake. Huku kwetu mtu anafanya ubaya, anakula chakula chake, analala."

Nyingi kati ya filamu hizo zilitengenezwa karibu nasi, katika jumba la zamani kando ya Mto Thames, ambalo wenyewe matajiri walilikimbia kwa sababu ya unyevu. Nilifanya kazi humo katika chumba cha mavazi, kufua na kupiga pasi. Cyril alifanya kazi humo pia, useremala. Yeye ndiye aliyetengeneza majeneza. Na humo ndimo alimopata msichana mmoja wa kubandika waigizaji meno ya bandia, wakaondoka pamoja mwezi wa Machi kwa gari la mtu mwingine. Aliniachia barua ya mistari minne, na kwa kuwa kusoma kwangu ni kwa shida, ilibidi jirani anisomee. Jirani mwenyewe ni Bi Gladwin. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua kabla sijafika mwisho wa mstari wa nne.

Ningeweza kuvumilia hayo. Lakini siku ya tatu nilikuwa naanika shuka uani, nikamsikia Bi Hester upande wa pili wa ua akizungumza na huyo Bi Gladwin.

"Mwanamume hakimbii nyumba yenye moto jikoni," alisema mama mkwe wangu. "Ni mwanangu, namjua. Kuna kitu alikikosa."

Miaka kumi na minane nilimkanda ule mguu kwa mafuta ya moto. Nilisimama nyuma ya shuka na vibanio mdomoni.

Ijumaa ile mkuu wa chumba cha mavazi alikuwa anahangaika. Walikuwa wanapiga picha za bi harusi anayefufuka jenezani, na kila gauni walilokuwa nalo lilionekana jipya. "Nataka la kweli," alisema. "La kizamani, lililokaa sandukuni miaka. Hakuna mwenye bibi hapa?"

Nikasema, ninalo.

Hakuniahidi kitu, nami sikuomba kitu. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba nilikuwa na shida. Sikuwa na shida. Nilikwenda nyumbani wakati wa chakula cha mchana, Bi Hester akiwa kwa maiti mwingine, nikafungua droo ya chini. Kulikuwa na vijifuko vya mrujuani, maua makavu ya kunukiza nguo. Gauni lilikuwa limekunjwa kwa karatasi nyembamba. Nilijiambia nitalirudisha Jumatatu, na nilipokuwa najiambia nilijua kwamba wanatumia damu ya bandia kwa ndoo.

Walilikata shingoni lesi ilipokuwa, ili kifua cha msichana kionekane. Wakalimwagia nyekundu. Jumanne, kwa ajili ya mwisho wa filamu, wakalichoma moto. Nilikuwa nimesimama pembeni na pasi mkononi.

Filamu ilifika Windsor mwezi wa Oktoba. Nilitafuta kila sababu ya kutokwenda, nikasema kichwa kinauma, nikasema mvua. "Mvua ndiyo hali ya hewa ya filamu hizi," alisema, akavaa kofia. Tukakaa safu ya tatu. Akakosoa jeneza, bila kujua au akijua ni kazi ya mwanawe, kwamba mbao ni nyembamba. Kisha kifuniko kikasogea na mkono ukatoka.

Mkono ule ulijaza ukuta mzima. Vifungo vitatu, vikubwa kama sahani. Viwili vya uzi mweupe na kimoja cha buluu.

Watu walipiga kelele. Bi Hester hakupiga kelele. Peremende zilimwanguka mapajani, akanishika kifundo cha mkono, akakishika hadi mkono wa kwenye picha ulipoondoka. Kisha akaniachia, akainuka, akatoka. Nilimkuta nje chini ya paa, amesimama kwa mguu mmoja mzima.

"Doreen," alisema, "lile gauni wamelipata wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Gauni gani, Mama?"

Alirekebisha kofia yake. "La huyo msichana," alisema. "Limeshonwa vizuri."

Hakuuliza tena. Sikumwona akifungua droo ya chini tangu siku hiyo. Lakini Alhamisi alikwenda Windsor peke yake, na Ijumaa, na Jumamosi mchana, mpaka filamu ilipoondolewa. Nilidhani ananitesa. Baadaye mwanamke wa kukata tiketi aliniambia, "Mama mkwe wako ni mtu wa ajabu. Anakaa mpaka ule mkono utoke, kisha anaondoka. Mwisho wa filamu hajawahi kuuona."

Februari iliyofuata mapafu yalimshika. Cyril aliandikiwa na hakuja. Mimi ndiye niliyemlisha, nikamgeuza, nikamsafisha, na kila nilipovuta kiti nilikiweka upande ambao droo haikuonekana. Alasiri moja, jua dogo la majira ya baridi likiwa juu ya blanketi, alifumbua macho.

"Ile filamu," alisema. "Yule bi harusi. Mwisho wake ukoje?"

Nilikuwa na kijiko mkononi. "Anatoka jenezani, Mama. Anatembea mpaka kwao."

"Na wanamfungulia?"

"Wanamfungulia."

"Gauni je?"

"Halina hata doa."

Alivuta pumzi chache ndefu. "Hukuwahi kujua kusema uongo, Doreen," alisema. "Cyril ndiye aliyejua." Kisha akataka maji. Alifariki Jumapili, kengele za kanisa zikilia, na hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo.

Mwosha huoshwa. Nilifungua dirisha, nikasimamisha saa, nikafunika kioo, kama alivyonifundisha. Nilimwambia alete mkono, kisha nikauinua mwenyewe. Droo ya chini ilikuwa kama nilivyoiacha: soksi, shuka mbili, mrujuani, ila ile karatasi nyembamba niliyoiacha ovyo ilikuwa imekunjwa upya vizuri, haina kitu ndani. Kwa hiyo alikuwa ameifungua. Nilimvalisha gauni langu la kulalia la harusi, lililo bora kuliko yote niliyokuwa nayo, na lilimbana mabegani.

Wanawake wakaja kumtazama, kama ilivyo desturi. Kila mmoja wao alikuwa na mtu wake aliyeoshwa na mikono ile. Waliangalia shingo, wakaangalia mikono ya gauni, wakaangaliana.

"Hili si lake," alisema Bi Gladwin. "Lake lina lesi. Alinionyesha mwenyewe. Liko wapi?"

Wote wakanigeukia.

"Liliingiwa na nondo," nilisema.

 Kisha nikaona nilichofanya. Nyuso zao zilibadilika, na hawakuwa wananitazama mimi tena. Walikuwa wanamtazama yeye, kwa ile huruma yenye dharau kidogo. Mwosha maiti aliyeacha droo yake iliwe na wadudu. Bi Gladwin alivuta shuka kidogo kufunika mkono wa gauni, kama anayemsitiri.

Mpaka leo, miaka minne sasa, wanalisema. Mwanamke kijana akizembea, huambiwa aangalie asije akazikwa kwa gauni la kuazima kama Hester Pocock. Nami nimekaa kwenye jiko hilohilo nikasikia, nikakoroga chai yangu. Cyril alinikosea, na maneno ya uani yalinikosea, wala sijayasamehe. Lakini gauni hilo sikumwibia Cyril.

Basi yeyote atakayesomewa haya na amwambie Bi Gladwin. Hakukuwa na nondo. Nilikwisha kupitisha kidole changu katika kila pembe ya droo ile, na haikuwa hata na vumbi.